Siku Niliyomsikia Mama Mkwe Kupitia Gari

Tangu nirudi, hakuna anayeingia dukani kwangu kununua plagi au mkanda wa injini bila kuniuliza kama ni kweli niliingia Mbale nimelala juu ya magodoro. Ni kweli. Na mengine mnayoyasikia mtaani ni kweli pia, isipokuwa lile la kwamba nilimpiga Khisa. Sikumpiga. Nilitaka, lakini nilikuwa nimepigwa na butwaa kiasi kwamba hata mikono haikunitii. Nimeona niandike yote mara moja, kila mtu asome, nami nipate kuuza vipuri kwa amani.

Mafubira

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Wanjala, Mbukusu wa Bungoma kule Kenya, ninayekaa hapa Mafubira nje ya Jinja, na mke wangu Nambozo ni Mgisu wa kule mlimani juu ya Mbale. Kwetu na kwao mila ni moja katika jambo hili: mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai pamoja ndani ya gari. Ukimwona anakuja huku, wewe unapita kule. Si uadui, ni heshima, na mtu aliyelelewa nayo haoni ugumu wowote.

Mama mkwe wangu haoni. Macho yote mawili yalifunikwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka sita amekaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya yetu. Wazee wa ukoo wake walinung'unika sana, kisha wakakubali kwa hoja moja: asiyeona hawezi kumwona mkwewe, basi mwiko haujavunjwa. Mimi nilikuwa nakohoa kabla ya kupita uani, naye anavuta leso usoni hata hivyo. Miaka sita, hatujasemezana neno.

Ndipo tukapata habari kwamba madaktari wa macho wamekuja Mbale kwa siku chache tu, na siku ya mwisho majina yanafungwa saa nane mchana. Nambozo alikuwa na kichanga cha wiki mbili, hakuweza kusafiri. Dada yake Khainza, anayekaa Nabuyonga pale Mbale, alisema atatusubiri hospitalini. Tukapanga hivi: Khisa, binamu yangu anayeniendeshea kigari changu cha kukodisha, atangulie na Mama saa kumi na mbili asubuhi ya siku hiyo. Mimi nifuate nyuma ndani ya lori la Zubairi, Msoga wa hapa Jinja, aliyekuwa anapeleka magodoro kwa wachuuzi wa Namakwekwe, huko huko Mbale.

Sasa lazima niseme kuhusu kisanduku, maana bila hicho hakuna kisa. Mwezi mmoja kabla, nilianza kumshuku Khisa kwamba gari linakwenda mahali nisipojua. Fundi mmoja wa redio za magari akanifungia kisanduku cheusi chini ya dashibodi, kidogo kuliko viberiti viwili. Mimi nilidhani setilaiti ndiyo inayoliona gari na kuniambia. Fundi akacheka. Akasema setilaiti haijui kama wewe umezaliwa. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali ilipo, basi, na kisanduku kinasikiliza kadhaa kwa pamoja na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Kikishajua, hakina njia ya kukwambia ila kwa laini ya simu iliyo tumboni mwake. Kinakutumia ujumbe kama shemeji yako anavyokutumia.

Na wewe unakiamuru kwa ujumbe vilevile: kiripoti kila baada ya dakika ngapi, kilalamike gari likizidi mwendo gani, kizuie injini isiwake. Ujumbe wowote unaanza na namba ya siri. Fundi aliniandikia maneno yote kwenye kipande cha boksi. Namba ya siri ilikuwa moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikamwuliza, hii ni ya gari langu peke yake? Akasema ndivyo vinavyotoka kiwandani, magari yote aliyofunga yana hiyo hiyo, na kama nina wasiwasi nibadilishe mwenyewe. Nilishtuka, nikasema nitabadilisha kesho. Sikubadilisha.

Musita

Tuliondoka saa moja. Zubairi ni mtu wa maneno, na lori lake ni la taratibu. Hatujafika mbali, pale Musita, mwanamke mwenye kikapu cha mapapai akatupungia kwa nguvu, nasi tukampungia. Tulidhani anatusalimia. Mbele kidogo mwingine akatupungia kwa mikono miwili, na Zubairi akasema watu wa Musita wana adabu. Kumbe kamba ilikuwa imelegea na magodoro mawili yamelala barabarani nyuma yetu. Kuyarudia, kuyapanda na kufunga upya kulitugharimu saa nzima. Nikanunua papai kwa yule mama kwa aibu tu.

Tukiwa pale nikakitumia kisanduku ujumbe kukiuliza kiko wapi. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Nikampigia Khisa, simu imezimwa. Zubairi akauliza ninahangaika na nini, nikamweleza.

"Hiyo kitu iko na laini?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na eyataimu uliweka lini?"

Sikuwahi kuweka. Tangu siku ile ya fundi nilikuwa nakiuliza maswali kila siku, nacho kikijibu kwa salio lake mwenyewe mpaka likakauka.

"Wewe bwana," Zubairi akasema, akapiga usukani kwa kicheko, "mimi nalisha bibi, nalisha watoto, lakini wewe nalisha mpaka gari!"

Iganga

Iganga tukasimama kwa chai na viazi vitamu na mchuzi wa karanga, na huko nikatafuta wa kuuza muda wa maongezi. Binti aliyekuwa kibandani chini ya mwavuli alichukua namba, akaniuliza jina la mwenye laini ili asikosee.

"Haina jina. Ni gari."

"Gari gani, bwana?"

"Gari langu. Namba hii ni ya gari."

Akamtazama mwenzake. "Gari yako napiga simu?"

"Haipigi. Inaandika."

Wale wawili walicheka mpaka mwendesha boda mmoja akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa kwamba huyu Mkenya ana gari linaloandika barua. Nikaondoka pale masikio yakiwaka moto.

Lakini salio liliingia, na ghafla simu yangu ikalia mfululizo. Nikampa Zubairi zile namba za mahali kilizonitumia kisanduku, akaziweka kwenye simu yake kubwa yenye ramani. Gari lilikuwa Namutumba. Mwendo: sifuri. Nikauliza tena baada ya dakika kumi, Namutumba, sifuri. Barabara tulikuwa tumeshaikamata, na kila nilipouliza jibu lilikuwa lile lile. Saa ilikuwa tatu na nusu. Nikaanza kuhesabu kilomita zilizobaki hadi Mbale.

Nikasema, nitapiga ile laini ya kisanduku. Nilidhani italia chini ya dashibodi, Khisa ashtuke apokee, au angalau ajue ninamtafuta. Haikulia. Ilipokelewa papo hapo, bila halo, na nikasikia kuku, na redio ya mbali, na kijiko kikigonga kikombe. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe wangu sikioni mwangu, karibu kama aliyenilalia begani.

Nusura niitupe simu dirishani. Fundi hakuniambia kwamba kisanduku kina kinasa sauti, wala kwamba kilikuwa kimewekwa kupokea na kunyamaza, mpigaji asikilize tu. Nilipaswa kukata. Najua. Lakini kabla kidole hakijafika nikasikia anasema, kwa Kigisu, nami naandika kwa Kiswahili:

"Khisa mwanangu, mimi sifiki Mbale. Tukae hapa mpaka muda upite. Utasema gurudumu lilipasuka."

"Mayi, Wanjala ataniua," Khisa akajibu. Mayi ni mama.

"Hatakuua. Nimwambie nini mimi? Niseme sitaki macho kwa sababu nataka kukaa kwa mkwe? Mwanamke mzima, niseme hivyo? Nikiona, kesho yake ndugu zangu wanakuja kunichukua. Watasema sasa anaona, hawezi kukaa boma moja na mkwewe. Wanirudishe kule juu kwenye nyumba tupu, nitazame ukuta. Hapa nina wajukuu. Yule mdogo hata sijamzoea kumbeba. Heri giza lenye watoto."

Khisa akasema, "Basi tugeuze turudi, Mayi. Tutasema madaktari walikataa."

Nikakata simu. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimeona haya kama mtu aliyechungulia bafu la mkwewe, na papo hapo moyo uliniuma, kwa maana miaka sita nilidhani yule mama anavumilia kukaa kwangu. Sikuwahi kuwaza kwamba anapapenda.

"Nasema nini?" Zubairi akauliza.

"Wanageuza kurudi."

"Si unaweza zima gari kwa simu? Zima!"

Lilikuwa limesimama, hakuna hatari ya ajali. Nikaandika amri: namba ya siri, neno la kuzima, tuma. Kikajibu mara moja kwamba amri imetekelezwa. Nikapiga tena laini, nikiapa ni mara ya mwisho, nikasikia stata ikikoroma bila injini kushika. Ikakoroma tena.

"Mayi," sauti ya Khisa ilikuwa ya mtu aliyeogopa, "gari limekufa kweli."

Na mama mkwe wangu akasema polepole, "Mungu amenisikia."

Zubairi aliposikia tafsiri yake alisema astaghafirullahi mara tatu. Kusikiliza ni kosa moja, lakini kuchukuliwa kuwa mkono wa Mungu ni jambo jingine kabisa.

Namutumba

Hapa ndipo nilipofanya upumbavu wangu mkubwa. Zubairi aliuliza, kama mimi naweza kuzima gari kwa moja mbili tatu, si mwizi yeyote naye anaweza? Nikaona ana haki, nikaamua kubadilisha namba ya siri pale pale, ndani ya lori linaloruka mashimo, kwa kisimu changu cha vibonye. Namba ya zamani, namba mpya, tuma. Kikajibu kwamba imebadilishwa. Dakika chache kabla ya kufika nikatuma amri ya kuwasha injini kwa namba mpya. Kikajibu: namba ya siri si sahihi. Nikarudia. Si sahihi. Nikatumia ya zamani. Si sahihi.

Lori lilikuwa limeruka nilipokuwa nabonyeza, na vidole vyangu viliandika namba anayoijua Mungu peke yake na kile kisanduku. Simu yangu haihifadhi ninachotuma. Haraka haraka haina baraka, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Gari nimelizima mimi, na funguo nimezitupa mimi.

Tuliwakuta kando ya kibanda cha chai. Khisa alikuwa amefungua boneti, mikono michafu, na aliponiona uso ukamwanguka. Nikamwambia kwa sauti ya chini kila kitu, kisanduku, sauti, kuzima, yote. Hakuomba radhi. Alishika kichwa na kusema, "Tangu lini kinasikia?" Nadhani alikuwa anapitisha akilini kila alichowahi kusema ndani ya gari lile. Ndipo nilipotaka kumpiga.

Fundi wa kukata nyaya na kuruka kile kisanduku hakuwepo karibu, ilikuwa inakaribia saa tano, na lori ndicho chombo pekee kinachokwenda Mbale mbele yetu. Ndani kuna kiti kimoja kirefu. Mama hawezi kukaa juu ya mzigo, na mimi siwezi kukaa naye. Nikamwacha Khisa alinde gari, nikapanda juu ya magodoro. Zubairi akamshika Mama mkono, akamwambia tu kwamba mkwe wake amefika na anataka awahi kwa daktari. Mama alivuta leso usoni, akapanda.

Mpologoma

Kwenye bonde la mto Mpologoma barabara ilikuwa inatengenezwa. Mwanamume mwenye bendera nyekundu akatusimamisha ili magari ya upande wa pili yapite, na yalikuwa mengi. Jua lilikuwa limesimama. Magodoro yamefungwa kwa nailoni, na nailoni ikipata jua inakuwa kikaango. Nilikuwa nimelala kifudifudi, kichwa changu juu ya paa la kebini, na dirisha la upande wa Mama lilikuwa wazi chini yangu.

Dakika zikapita. Saa sita na nusu. Yule wa bendera alikuwa anakula muwa.

"Zubairi," Mama akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kukwaruza, "yeye iko wapi?"

"Iko juu, Mama."

Mama akasema kwa Kigisu, kwa sauti ya kunifikia, "Wewe uliye juu. Ulijuaje tuko Namutumba?"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu katika maisha. Ningeweza kudanganya. Nilijibu nikitazama paa, "Mama, ndani ya gari kuna kisanduku. Kinaniambia liko wapi. Leo nimegundua kinasikia pia. Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote."

Nilisikia pumzi yake ikikatika. "Na gari kufa?"

"Ni mimi. Nililizima kwa simu."

Zubairi alizima redio yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nilifikiri Mama amekasirika, nami nilistahili. Kumbe alikuwa analia, na alipozungumza sauti ilikuwa ya aibu kuliko hasira. "Basi sina tena siri. Mkwe amenisikia nikisema nataka kukaa kwake. Hata mlango wa kutokea sina."

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyefanya la aibu, si wewe. Lakini kwa kuwa nimesikia, siwezi kujifanya sijasikia. Nyumba ile ni yako ukiwa huoni na ni yako ukiwa unaona. Wakija ndugu zako nitaongea nao mimi. Kama wanataka mbuzi, nitawapa mbuzi. Kama wanataka nijenge ukuta, nitajenga."

"Ukuta!" akasema, karibu kwa dharau. "Nipate macho nitazame ukuta?"

Zubairi hakuweza kuvumilia tena. "Mama, mimi si mutu ya kabila yenu. Lakini hii kijana nachomeka na jua huko juu kwa sababu yako. Wewe enda tu ona daktari. Hayo mengine watu ndio nalipanga, watu tapangua."

Bendera ya kijani ikapandishwa. Tulikuwa na saa moja na robo. Zubairi aliendesha namna ambayo sitamwambia mkewe, na mimi nilishika kamba nikisali kwa maneno yoyote yaliyokuja.

Mbale

Tulipita Kamonkoli bila kusimama hata kwa maji. Tuliingia hospitalini zikiwa zimebaki dakika nane, lori zima na magodoro yake, na mlinzi akatupigia kelele kwa mshangao huku akijaribu kufunga geti. Khainza alikuwa amelishika daftari la karani kwa mikono miwili asilifunge. Alipomwona mama yake akishuka nami nikiteremka kutoka juu ya mzigo, alipiga ukelele na kunigeuza uso kwa nguvu kuelekea ukutani. Jina likaandikwa. Lilikuwa la mwisho, na jioni hiyo akapasuliwa macho.

Nililala kwa rafiki Namakwekwe, mgongo umebabuka. Asubuhi nikarudi hospitalini na kusimama kwenye veranda, mbali, nimewapa mgongo, kwa maana nilijua ndani wanafungua bandeji ya jicho la kwanza. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia muuguzi akimwuliza anaona vidole vingapi. Nilimsikia Khainza akilia. Kisha kiti kikasogezwa.

"Yule wa veranda, mwenye shati la buluu," Mama akasema. "Ni nani?"

Khainza akasema, "Mama, usitazame huko."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwambie ageuke."

"Mama! Wajomba wakisikia?"

"Ni wangapi kati yao walionisikiliza nilipokuwa gizani? Mwambie ageuke."

Khainza hakuniambia, lakini nilikuwa nimesikia. Maisha yangu yote nimefundishwa kutogeuka. Nikageuka. Alikuwa amekaa kitandani, leso iko mabegani, jicho moja limefungwa na jingine jekundu linatiririka machozi, linanitazama moja kwa moja bila kupepesa. Sikujua niweke wapi mikono. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayehakikisha mzigo wake umefika wote.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivi," akasema. "Twende nyumbani."

Nilishusha macho. Nikauliza kwa uangalifu, maana ndugu zake walikuwa mlimani, si mbali, na ilikuwa haki yake kuchagua, "Nyumbani wapi, Mama?"

Akamtazama Khainza, akanitazama mimi, akashangaa kweli kweli.

"Mafubira," akasema. "Kwani mimi nina nyumbani kwingine?"